Teremka Tabora kwanza: uzoefu wangu Kwihara na Ujiji

Wageni wengi wanaokuja huku magharibi kutafuta historia hupitiliza hadi Kigoma. Wanakwenda Ujiji, wanapiga picha chini ya mwembe, wanaondoka. Tabora wanaipita ndani ya treni wakiwa usingizini. Mimi nimeingia makumbusho yote mawili ya Livingstone, la Kwihara hapa Tabora na la Ujiji, na ninaandika haya kumshawishi anayepanga safari ateremke Tabora kwanza. Ukianzia Kwihara, Ujiji utaielewa. Ukianzia Ujiji, kuna hatari ya kurudi nyumbani na hadithi ya Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, na kofia zao, na kumbe hiyo ni robo tu ya mambo.

Kwihara haiko mbali na mji. Bajaji inakufikisha, bodaboda pia kama uko peke yako. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hamjaondoka, na mkubaliane kabisa kwamba dereva atasubiri, maana kule usafiri wa kurudi hauokotwi tu barabarani. Sisi tulipata dereva aliyetupandishia bei katikati ya safari, eti hakujua kama ni mbali hivyo. Njiani utaona miembe mikubwa. Kilimo cha maembe hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, kilikuja na misafara ya pwani, kwa hiyo hata kabla hujafika umeshaanza kusoma.

Nilikwenda na baba mkwe, fundi mstaafu wa reli, mzaliwa wa hapahapa Tabora, pamoja na binti yangu wa kidato cha pili. Mzee hakuwahi kuingia pale maisha yake yote. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, mimi nilijua kule ni kwa Livingstone. Sasa mimi na Livingstone tuna habari gani?" Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi wa rika lake, na hata wa rika langu. Jina lililo mlangoni limewafanya wenyeji waone nyumba ile haiwahusu.

Nyumba yenyewe ni tembe la Kiarabu, kubwa, lenye paa bapa, kuta nene zenye rangi nyekundu iliyokolea, na mlango wa nakshi ambao peke yake unastahili nauli. Ungetegemea mlango wa namna hiyo Bagamoyo au Unguja, si huku bara kwenye misitu ya miyombo. Ukiingia, jua la Tabora linabaki nje. Ndani ni ubaridi na kiza kidogo. Hapo ndipo unaelewa tembe lilikuwa nini kwa mfanyabiashara wa karne ya 19: makazi, ghala la pembe za ndovu na majora ya merikani (kitambaa cha pamba), na ngome pia. Kuta zile hazikunenepeshwa kwa ajili ya joto tu.

Na ngome ilihitajika kweli. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amefikia Kwihara akiwa njiani kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Akaingia vitani upande wa Waarabu, akidhani ni kazi ya siku chache. Walishindwa vibaya. Mwezi Agosti vikosi vya Mirambo viliingia Tabora yenyewe na kuichoma moto, na Stanley akawa Kwihara anatobolesha matundu ukutani ya kupitishia mitutu ya bunduki, akingoja kushambuliwa.

Binti yangu alisimama hapo muda mrefu. Shuleni amesoma Mirambo kama jina kwenye orodha ya watawala wa karne ya 19, baina ya Mkwawa na Kimweri. Kusimama kwenye eneo ambalo watu walijifungia kwa kumwogopa ni somo la aina nyingine. Kisha tukaja kwenye jambo lenyewe: kwa kuwa njia ya moja kwa moja ilifungwa, Stanley alipoondoka tarehe 20 Septemba 1871 alilazimika kuzunguka kusini, mwendo mrefu, ndipo akapinda kuelekea Malagarasi na Ujiji. Alifika tarehe 10 Novemba kwa hesabu yake, akamkuta Livingstone. Safari ile maarufu, njia yake ilipangwa na mtemi wa Kinyamwezi. Baba mkwe alicheka kwa furaha, akamwambia kijana aliyekuwa akituongoza, "Hilo mbona hamlitangazi mjini?"

Niseme neno kuhusu waongozaji. Usikubali kuzunguka peke yako. Maelezo ya ukutani yanasaidia, lakini nyumba hii inaishi kwa masimulizi. Kijana wetu alimwamkia mzee shikamoo, akamtafutia pa kukaa, kisha akawa anamwuliza naye maswali, hasa ya reli, kwa sababu Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo upagazi wa masafa marefu ukaanza kufa. Mzee aliyekwenda kusikiliza akageuka msimulizi. Ukienda na mtu mzima wa familia utapata mara mbili ya ulichokilipia.

Livingstone alikaa hapa baada ya kukutana na Stanley. Walirudi wote wawili kutoka Ujiji, wakafika tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka 14 Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa, hadi 25 Agosti. Katika kungoja huko, tarehe 1 Mei 1872, aliandika barua kwa gazeti la New York Herald akiiita biashara ya utumwa kidonda kilicho wazi cha dunia; maneno hayo yamechongwa juu ya kaburi lake Westminster Abbey. Mwaka mmoja kamili baadaye, 1 Mei 1873, ndiyo tarehe inayotajwa ya kifo chake, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Hadithi nyingi huishia hapo au huruka hadi London. Kwa Kwihara, hapo ndipo inapoanza.

Waliokuwa naye walikuwa watu wetu wa Afrika: Abdullah Susi kutoka Shupanga kando ya Zambezi, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana mdogo, Jacob Wainwright aliyesomea kwa wamisionari kule Nasik, India, mpishi Halima, na wengine wengi. Walikata shauri wenyewe. Moyo wakauzika chini ya mti kwa Chitambo. Mwili wakautia chumvi, wakauanika, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba. Mwezi Oktoba 1873 wakaingia Unyanyembe. Hapa walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Cameron akawashauri wamzike hapahapa. Wakakataa.

Nilimwomba kijana arudie. Ofisa wa jeshi la majini la Uingereza anawaambia zikeni, na watumishi wanamjibu hapana, tunampeleka kwao. Halafu walipotoka Unyanyembe na kufika Kasekera wakaona wenyeji wa njiani hawataruhusu maiti ipite kwenye ardhi yao. Wakafanya hila. Wakafunga mabua ya mtama yakawa na umbo la maiti, wakawapa watu wachache wayabebe kurudi Unyanyembe kama kwamba wamekubali kwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukaonekana mtumba wa nguo. Waliobeba mabua wakayatawanya porini, wakarudi usiku kuungana na wenzao. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Wainwright alikuwepo mazishini. Susi na Chuma, waliokata shauri na kubeba, hawakuwepo. Walifikishwa Uingereza baadaye.

Binti yangu aliuliza kwa nini makumbusho haliitwi la Susi na Chuma. Sikuwa na jibu, na kijana alitabasamu tu, akasema swali hilo analipata kila mara kutoka kwa wanafunzi. Mimi naliunga mkono. Kama ningeulizwa cha kuongeza pale, ningeomba ukuta mzima wa majina ya waliobeba mwili, yale yanayojulikana. Na ukuta mwingine wa wapagazi wa Kinyamwezi, maana bila wao hakuna wapelelezi Waingereza Burton wala Speke waliofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857, hakuna pembe iliyofika pwani, na hakuna Tabora tunayoijua. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, kutoka hapa hadi Bagamoyo. Baba mkwe ndipo alipokumbuka kwamba babu yake alikuwa akitajwa kuwa alikwenda pwani mara kadhaa akiwa kijana, kabla hajaoa, na kwamba kijana asiyekwenda pwani alionekana hajakomaa. Miaka yote niliyoolewa katika familia ile sikuwahi kulisikia. Ilibidi tuingie nyumba ya Kwihara ndipo mzee alitoe.

Na humo humo ndani lipo jambo gumu ambalo mzazi ajiandae nalo. Njia ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na walioiendesha biashara hawakuwa wageni peke yao. Mtoto atauliza. Mimi nilimwambia binti yangu ukweli kadiri ninavyoujua, kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wa malipo, na kwamba njia hiyohiyo ilikanyagwa na mateka, na kwamba kuna watemi waliotajirika kwa yote mawili. Usimpeleke mtoto ukitarajia makumbusho ifanye kazi hiyo kwa niaba yako.

Kwa walimu: mkipanga ziara, siku tatu zinafaa kuliko nyingine. Tarehe 18 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Minara ya Kumbukumbu na Maeneo ya Kihistoria, na ni tarehe ileile aliyozikwa Livingstone. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Tarehe 23 Agosti ni siku ya UNESCO ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Agosti ni mwezi mzuri pia kwa kuwa barabara ni kavu. Pigieni simu kwanza mwulize kama kuna shughuli iliyoandaliwa. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, cha mwanafunzi kidogo zaidi. Bebeni maji na chakula. Tabora mjini mtarudi kununua asali.

Ujiji sasa. Ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma mjini. Utaiona sanamu ya Livingstone na ya Stanley wakivuliana kofia, mnara wa kumbukumbu wenye ramani ya Afrika, na miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule wa asili waliokutania chini yake. Panapendeza, na watoto wanafurahia sanamu kuliko kitu kingine. Jambo ambalo wageni hushangaa ni kwamba ziwa liko mbali na mnara. Wakati ule maji yalikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 hivi Ziwa Tanganyika lilijaa hadi likafungua njia yake ya kutokea mto Lukuga upande wa Kongo, kina kikashuka, na ufuko ukasogea. Mwulize mwongozaji akuonyeshe maji yalipofikia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia yote hii ya misafara ya pembe na watumwa kwenye orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa hiyo kuiona Ujiji peke yake ni kusoma ukurasa wa mwisho tu.

Na ukiwa mbele ya zile sanamu mbili, kabla hujapiga picha, muulize mwongozaji ni nani aliyekuwa wa kwanza kumsalimu Stanley Ujiji. Stanley mwenyewe aliandika: ni Susi, kisha Chuma. Susi ndiye aliyetimua mbio kwenda kumwambia bwana wake kwamba mgeni amefika. Mwombe akueleze Susi alisimama wapi, kisha msimamishe mwanao hapo umpige picha.