Ngozi kavu Mwanza: mafuta ya kununua kwanza, na ya kuyaacha dukani

Kuishi kando ya ziwa hakuiloweshi ngozi. Mvua zikikatika na Juni ikaingia, miguu hupauka Kirumba na Igoma kama inavyopauka mahali pasipo na tone la maji, na kwenye maduka ya vipodozi pale Makoroboi swali ni lilelile: mafuta gani yanashika? Swali ni zuri. Shida ni kwamba wengi huishia kununua harufu na umbo la chupa, na ndani ya chupa sehemu kubwa ni maji.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limepangwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikamanisha ni mafuta ya asili ya mwili. Sabuni kali, maji ya moto na upepo wa kiangazi huumomonyoa udongo huo. Maji ya ndani hupata njia ya kutoka, chembe zinabanduka, na ndiyo ile michirizi myeupe inayobaki ukijikuna kwa kucha. Kwa hiyo ngozi kavu ni ngozi inayovuja. Kitu unachonunua kinatakiwa kuziba mvujo, au kuvuta maji na kuyashika, au vyote viwili. Kisichofanya hata kimoja ni manukato.

Pima kwanza utakachohitaji

Watu husema mafuta fulani "hayanikubali" wakati kilichopungua ni kiasi. Kuna kipimo rahisi: kamua krimu juu ya kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja na unyayo wake unataka vipimo 8. Mkono mmoja na kiganja chake, vipimo 4. Miguu miwili na mikono miwili inafika vipimo 24, yaani gramu 12, kwa kupaka mara moja tu kwa siku. Kopo la gramu 250 litakaa siku 20 hivi. Kijichupa cha mililita 100 hakimalizi hata siku 9.

Ndiyo maana hatuweki bei hapa, maana hubadilika kutoka duka hadi duka. Fanya hivi ukiwa dukani: gawanya bei kwa gramu zilizoandikwa kwenye kopo, kisha linganisha. Kopo kubwa la kitu cha kawaida unachoweza kukipaka bila kubania litakusaidia kuliko kichupa cha ghali unachokipaka kwa matone.

Nafasi ya kwanza: mafuta ya mgando yasiyo na harufu

Yamekuwapo tangu karne ya 19. Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline nchini Marekani mwaka 1872, na hadi leo hakuna kitu cha bei hiyo kinachoziba maji yasitoke kwenye ngozi kuliko mgando. Hayaozi haraka, hayana maji ndani ya kuotesha vijidudu, na mtu anayedhurika nayo ni nadra. Yakiyeyuka juani kwenye meza ya machinga na kuganda tena hayajaharibika.

Kasoro yake ni moja, na ndiyo inayowafanya wengi wayadharau: hayaongezi maji hata kidogo. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa, unafunika ukavu. Ngozi itang'aa saa moja, na jioni itakuwa imekakamaa vilevile. Oga, jifute kwa kugusisha taulo au kanga bila kusugua, ngozi ibaki na unyevu, kisha upake ndani ya dakika tatu. Chukua kiasi kidogo, kiyeyushe kati ya viganja, halafu kishushe kufuata vinyweleo. Kusugua juu chini hujaza mafuta kwenye vishimo vya vinyweleo, na hapo ndipo vipele hutokea, hasa mapajani na kwa mtu anayetokwa na jasho jingi. Makwapani na kwenye mikunjo usipake.

Soma kifuniko kabla ya kulipa. Makopo mengi yanayofanana yametiwa manukato, rangi, au kafuri. Ngozi iliyopasuka itawashwa na hivyo vyote. Kwenye orodha ya viambato tafuta neno "petrolatum" likiwa peke yake au karibu peke yake. "Parfum" ukiliona, rudisha.

Tahadhari moja hailali: kanga au shuka iliyonyonya mafuta ya mgando kwa siku nyingi hushika moto upesi na huwaka kwa nguvu. Anayepikia mkaa au kuwasha koroboi azifue nguo hizo mara kwa mara, akijua pia kwamba kufua hakutoi mafuta yote.

Nafasi ya pili: krimu nzito yenye urea au glisarini

Kama uwezo upo, hii ndiyo ya kununua pamoja na mgando. Krimu ya kopo ni nzito kuliko losheni kwa sababu ina mafuta mengi na maji machache, na ikiwa na urea ya asilimia 5 hadi 10 inavuta maji na kulegeza magamba kwa pamoja. Huwa inapatikana duka la dawa zaidi kuliko duka la vipodozi. Muulize mfamasia asilimia, naye akuoneshe imeandikwa wapi. Kopo lisilotaja asilimia ya urea usililipie bei ya urea.

Urea huchoma kwenye mpasuko ulio wazi. Hilo si mzio, lakini linauma vya kutosha kumfanya mtu aitupe dawa nzuri. Paka mgando peke yake siku tatu au nne hadi nyufa zifunge, ndipo uanze. Watoto wachanga wasipakwe urea bila daktari kusema.

Kwa magaga ya kisigino ndipo urea inapoonesha thamani yake, na hapo inatakiwa yenye nguvu zaidi, asilimia 20 hadi 25. Loweka miguu dakika 10 kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu, upande mmoja, mara chache tu. Wembe usiuguse kabisa, kwani hukata hadi kwenye nyama na gaga hurudi likiwa nene kuliko la kwanza. Futa, paka urea, juu yake mgando, vaa soksi za pamba ulale. Wiki mbili za kila usiku zitakuonesha tofauti. Mara moja kwa wiki haitakuonesha kitu. Mwenye kisukari asisugue wala asikwaruze. Aende kliniki na miguu yake ilivyo, maana kidonda kidogo kwake huwa kikubwa bila yeye kuhisi.

Nafasi ya tatu: glisarini ya maji

Ni rahisi, iko kila duka la dawa, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Glisarini huvuta maji popote inapoyapata. Ikipakwa nzito kwenye ngozi kavu, siku ya upepo mkavu, huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, na mtu huishia kunata na kuwashwa. Tia matone matano kwenye kiganja kilicholowa, changanya na maji yaliyobaki mkononi, paka mguu mmoja, rudia kwa mwingine. Kisha funga na mgando kidogo juu yake. Jozi hii ya glisarini chini na mgando juu inakaribia kazi ya krimu ya ghali, na kwa mfuko mdogo ndiyo tunayoipendekeza bila kusita.

Usichanganye glisarini na maji kwenye chupa ukaiweka mwezi mzima. Glisarini tupu haioti vijidudu. Ikizimuliwa sana, huota.

Nafasi ya nne: mafuta ya alizeti na ya nazi

Alizeti inayotoka Singida na kwingineko imejaa jikoni kwetu, na wachache wanajua kwamba inafaa ngozi. Ina asidi ya linoleiki kwa wingi, mafuta ambayo ngozi huyatumia kutengeneza ule udongo wa ukuta wake. Nazi nayo hulainisha vizuri. Yote mawili hayazibi kama mgando, kwa hiyo kwenye kiangazi kikali yatakuwa mepesi mno kwa miundi na visigino, lakini kwa mikono, tumbo na mgongo yanatosha.

Nunua chupa ndogo iliyofungwa, si ya kupima, na uiweke gizani. Ikianza kunuka kama karanga za zamani, imechacha, na mafuta yaliyochacha huwasha ngozi.

Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa kuliko anayostahili. Asidi ya oleiki iliyojaa ndani yake hulegeza ukuta wa ngozi badala ya kuujenga. Yaache kwa kachumbari, na mtoto mchanga usimpake.

Siagi ya shea, ambayo mti wake humea hata kaskazini mwa Uganda, inaweza kukaa nafasi hii pia ukiipata safi.

Nafasi ya tano: losheni ya chupa

Losheni si mbaya. Ni nyepesi, inaenea haraka, inafaa msimu wa mvua na ngozi inayopauka kidogo tu. Ila "aqua" ikiwa ya kwanza na "glycerin" ikiwa imejificha nyuma ya "parfum", umenunua maji yenye harufu. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kushuka, hivyo itafute glisarini ndani ya vitu vitatu au vinne vya mwanzo. Tikisa chupa: iliyokaa juani hujitenga, mafuta juu na maji chini, na hiyo haifai tena. Angalia pia tarehe ya mwisho, namba ya toleo, na kama kifuniko kimewahi kufunguliwa.

Ya kuyaacha dukani

Mkorogo wa aina yoyote. Kinachouzwa kwa jina la "kung'arisha na kulainisha" mara nyingi hukausha kwanza. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwenye kopo soma maneno "hydroquinone", "mercury" na "calomel", pamoja na "clobetasol" na "betamethasone". Hayo mawili ya mwisho ni dawa za steroidi. Daktari huziandika kwa siku chache. Zikifanywa mafuta ya kila asubuhi huifanya ngozi nyembamba, mishipa ikaonekana, na ukiacha ghafla ngozi huwaka moto.

Krimu nyeupe ya duka la dawa iitwayo "aqueous cream" tungeiacha pia kwa kupaka. Mara nyingi huwa na kiambato cha kutoa povu kinachowasha ngozi kikiachwa juu yake. Kuogea kisha kusuuza ni sawa.

Sabuni kwanza, mafuta baadaye

Hata kopo bora litashindwa na sabuni ya mche. Sabuni za kufulia zina ualikali mkali, ilhali ngozi yenye afya ina uasidi kidogo. Nunua sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali, uitumie makwapani, kwenye kinena na miguuni. Mikono na mgongo vinatosheka na maji siku nyingi. Maji yawe ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Dodoki lipumzike mpaka magamba yaishe.

Wanaoparua samaki soko la Mwaloni, wanaotia chumvi samaki wa kayabo na wanaoanika dagaa, mikono yao inalowa na kukauka mara nyingi kwa siku, na huko kulowa na kukauka ndiko kunakoipasua. Wapake mgando kabla ya kazi, wavae glavu za mpira juu ya glavu nyembamba za pamba, wabadilishe za pamba zikilowa, na wapake tena baada ya kunawa. Kopo dogo la mfukoni lina maana kwao kuliko kubwa lililobaki nyumbani.

Mwenye ualbino ajue kwamba hakuna kati ya mafuta haya kinachozuia jua. Anahitaji losheni ya kukinga jua pamoja na kofia pana na mikono mirefu, na mafuta ya kulainisha yaende chini yake.

Pale ambapo tatizo si ukavu

Ukiwashwa dakika chache au saa chache baada ya kuoga au kusimama ziwani, na vipele vidogo vikatokea pale maji yalipogusa, huenda ni vijidudu vya kichocho vilivyopenya. Mafuta hayatibu hilo, kapime. Muwasho unaozidi usiku na kuwapata watu kadhaa nyumba moja ni dalili ya upele. Duara lenye kingo zilizoinuka mara nyingi ni fangasi. Baka lililopauka ambalo halina hisia likiguswa kwa pamba, lisipakwe chochote kabla ya kuoneshwa hospitali, kwani ukoma huanza hivyo na dawa yake hutolewa bure.

Kwa kitu chochote kipya, paka kiasi cha punje ya harage upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Pasipowasha wala kuwa pekundu, panua hadi mguu mzima.