Tairi za fowili kati ya Nakuru na Kisumu: ipi kwanza, ipi mwisho

Ukiingiza fowili, gari la kuvuta kwa magurudumu manne kama Hilux au Prado, kwenye duka la tairi hapa Nakuru, utaulizwa saizi, kisha utaulizwa kama unataka "zile za matope". Mwaka nilionunua pikapu yangu nilijibu ndiyo bila kufikiri. Zilikuwa zinapendeza: meno makubwa kama ya trekta, maandishi meupe ubavuni, na kijana wa duka akizipiga makofi kama mtu anayeuza fahali. Tulipofika Salgaa mke wangu akazima redio. Haikuwa imeharibika, ila ilikuwa haisikiki.

Kazi yangu ni kusambaza chakula cha mifugo. Wiki huanzia Molo na Elburgon, kisha Keringet na Olenguruone, halafu nashuka Kericho, na Alhamisi hunikuta Ahero au Kisumu. Mara moja kwa mwezi hushika njia ya Marigat. Ninayoyasema hapa nimeyalipia mwenyewe, mengine mara mbili.

Hesabu kilomita kwanza

Chukua wiki moja ya kawaida uandike kila siku umepita wapi. Mimi nilipofanya hivyo nilishangaa. Katika kilomita kama 600, zaidi ya 450 zilikuwa lami, mia na kitu murram, na matope yenyewe, yale ya kumvua mtu viatu, hayakufika 15. Nilikuwa nimevaa gambuti kwenda harusini kwa kuwa njiani kuna dimbwi moja.

Na lami yenyewe usiidharau. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na mteremko wa kutoka Kapsoit hadi Awasi ukiwa umelowa, mbele yako lori la mafuta, hapo ndipo tairi hukuonyesha kama ulinunua au ulipunjwa. Tairi ya meno makubwa ina mapengo mapana, maana yake mpira unaogusa lami ni mchache. Breki hushika, gari likaendelea.

Udongo si mmoja

Watu husema "njia mbaya" kana kwamba ubaya ni wa aina moja. Udongo mwekundu wa Vihiga, Kakamega na Kisii huteleza juu tu. Chini yake pagumu, na tairi yenye meno ya wastani yenye kingo kali huufikia huo ugumu, mradi dereva asikanyage mafuta kwa hasira. Kuresoi na Olenguruone ni tofauti: malori ya viazi hutangulia kuchimba mitaro, nawe unafuata ukiombea tumbo la gari. Hapo kinachokuokoa ni kimo kuliko meno.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ni habari nyingine kabisa. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa hunata kama unga uliokandwa. Nilikuwa nimevuka mashamba ya mpunga ya Ahero na magunia kumi na mawili nyuma, mvua ikapiga robo saa, ikaisha. Magurudumu yalizunguka mara tatu. Nikashuka kuangalia: meno hayapo. Tairi zote nne zilikuwa duara jeusi, laini, kama chungu kilichotoka kufinyangwa. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi kando akanitazama kwa huruma akasema, "Kijana wangu, hapa gari huzimwa, mtu akangoja jua." Nilingoja saa nne. Tairi za matope zingejisafisha kidogo kwa kuzungushwa kwa nguvu, ni kweli, lakini nimevuta kwa kamba gari lililozivaa, mahali palepale, ekseli ikiwa imelala kwenye tope. Usilipie kazi ambayo tairi haiwezi kuifanya.

Halafu kuna mawe. Njia za kando ya Ziwa Bogoria zina mawe yenye makali na miba ya migunga inayopita soli ya kiatu. Mwiba ukiingia katikati ya meno, fundi wa pancha atakumalizia kwa dakika kumi. Jiwe likichana ubavu, tairi hiyo haina fundi. Atakayekwambia ubavu unashonwa, mshukuru uende zako.

Ya kwanza: A/T ya kawaida

Herufi A/T maana yake ni tairi ya kila njia. Kwa anayeishi kama mimi, lami nyingi, murram ya kutosha na tope la hapa na pale, hii ndiyo naiweka juu bila wasiwasi. Meno yake yakiwa mapya huwa na kina cha milimita 10 au 11 hivi, yana mikato myembamba ya kushika lami iliyolowa, na kelele yake unaizoea ndani ya wiki.

Ndani ya A/T zenyewe kuna ndugu wawili, na wauzaji wengi hawawatofautishi. Mmoja saizi yake huandikwa 265/65R17 tu. Mwingine huanza na LT: LT265/65R17. Huyo wa LT ana ubavu mnene na hubeba zaidi, lakini ni mzito, hunywa mafuta, na hutaka presha kubwa zaidi ili abebe uzito uleule. Ukimwekea presha iliyobandikwa mlangoni mwa gari kwa ajili ya tairi za kawaida, umemlaza njaa, naye atapata joto jingi. Nunua LT ikiwa unapakia viazi au mawe ya kujengea, au ikiwa Baringo ni kwako kila wiki. Kama mzigo wako ni watoto na begi la shule, ya kawaida yatosha.

Majina? Yokohama Geolandar A/T ni tulivu, hukaribia tairi ya lami kwa adabu yake. Bridgestone Dueler A/T hupatikana kirahisi, na hilo si jambo dogo ukitafuta moja ya kulinganisha na tatu zilizobaki. BFGoodrich KO2 nyingi huja kwa LT, ubavu wake ni mgumu, na bei yake itakufanya ukae kitini kwanza. Maxxis Bravo ndiyo ninayotumia sasa: pesa za katikati, kazi ya katikati, sina malalamiko. Za Kichina zipo za kila jina, na mara nyingi bei ya moja ya jina kubwa hukaribia kununua mbili. Sizikatai. Ila ukizichukua, chagua zenye tarehe mbichi na uwezo wa kutosha wa kubeba uzito, mambo nitakayoyaeleza hapo chini.

Ya pili: H/T

Hii ni tairi ya barabara kuu, na najua wengi wataguna kuiona juu namna hii. Lakini tazama Prado na RAV4 zinazolala Milimani, Nakuru au Kisumu. Zinakwenda kazini, kanisani, na Desemba nyumbani Bungoma au Siaya kwa njia ambayo karibu yote ni lami. Mmiliki wa namna hiyo akivaa H/T atapata ukimya, breki nzuri kwenye maji na mafuta kidogo. Murram kavu huimudu vizuri. Siku ya msiba kijijini mvua ikinyesha ataegesha kwa shemeji penye lami, atembee.

Ya tatu: R/T

Imeingia katikati ya A/T na M/T, zile za matope: meno makubwa kwa nje, ya kubana katikati. Kwa anayefanya kazi Kuresoi au kwenye mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, ambako trela za miwa hugeuza njia kuwa mifereji, hii ina maana. Kwa wengine ni njia ya kununua urembo bila kuona haya.

Ya nne: M/T

Si tairi mbaya. Ni tairi ya mtu ambaye kilomita zake ni tope kweli: gari la msituni, la kuvuta wengine, la mradi wa barabara. Meno ya milimita 15 au zaidi huonekana mengi dukani, lakini kwenye lami ya moto huliwa upesi, tena bila usawa, na yakishaliwa hivyo huvuma kama ndege. Zangu niliziuza kabla hazijafika nusu.

Ya mwisho: za mtumba na za kubandikwa meno upya

Pikapu hubeba tani moja, huteremka Mau, na ndani yake kuna watu. Hapana.

Inama usome ubavu

Tangu kiwanda cha tairi cha Sameer Africa kule Nairobi kifungwe mwaka 2016, tairi mpya tunazonunua huja na meli, zikakaa bandarini, zikakaa stoo, zikakaa dukani juani. Kwa hiyo tarehe ni nusu ya bei. Tafuta neno DOT, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, basi zungusha tairi ukiona hazipo.

Duka moja la Kisumu waliniletea nne zinazong'aa, vinyweleo vya mpira bado vimesimama. Nikainama. Ya kwanza 1123, ya pili 1123, ya tatu 1123. Ya nne ilikuwa 3817, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2017. Nikamwita muuzaji. "Bosi, mpira hauozi," akasema. Nikabinya ubavu kwa kidole gumba, nyufa ndogo kama za kisigino kikavu zikafunguka. Akanibadilishia bila neno la pili, jambo lililonionyesha kwamba alijua. Mimi tairi iliyozidi miaka miwili tangu itengenezwe siilipii bei ya mpya.

Baada ya saizi utaona namba na herufi, mfano 112S. 112 ni alama ya kubeba hadi kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Mwendo usikusumbue sana. Uzito ndio wa kuangalia: usishuke chini ya ule uliotoka na gari, hata kwa punguzo tamu kiasi gani.

Na ule mtindo wa kuongeza saizi ili gari lionekane limesimama? Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo huongezeka milimita kama 26. Nusu yake tu ndiyo inayoinua gari, yaani unene wa kidole. Badala yake mshale wa mwendo utasoma 100 huku unakwenda 103 na zaidi, jambo la kuzingatia ukikutana na polisi wenye kamera.

Wenye Prado na Subaru wanisikilize hapa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote linataka tairi nne za aina moja zilizoliwa sawa. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizochoka, zinazunguka kwa kasi tofauti, na ugomvi wao unaisha ndani ya difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Hilux, ambayo vuta-nne huwekwa kwa mkono, husamehe zaidi, lakini usiiache kwenye vuta-nne juu ya lami kavu.

Nunua pia kipimo cha presha na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Kwenye murram yenye mabati, yale mawimbi ya kutetemesha meno, hupunguza presha kutoka PSI 36 hadi 28, na pikapu huacha kurukaruka. Kwenye tope hushuka hadi 20, natembea polepole, kisha najaza kabla sijagusa lami. Siku ile ya Ahero pampu sikuwa nayo, kwa hiyo hata kutoa upepo niliogopa.

Ukilipa nne, uliza bei ya tano. Spea ya Hilux hulala chini ya tumbo, na wengi wetu huikumbuka siku ya kuihitaji, tukakuta ni ile iliyotoka na gari. Siku nilipochaniwa ubavu njia ya Bogoria, niliifungua ya kwangu nikasoma wiki na mwaka wake, nikaendesha hadi Marigat kwa kilomita 30 kwa saa.