Insulini na glukagoni: nani hufanya nini?

Homoni hizi mbili hutoka kwenye kiungo kimoja, kongosho, lililojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Insulini hutengenezwa na seli za beta, glukagoni na seli za alfa. Ni majirani wa mlango kwa mlango, ila kazi zao zinapingana.

Umeshiba ugali kwa maharage. Wanga unageuka glukosi, sukari inapanda kwenye damu, insulini inatolewa. Inazifungulia seli za misuli na mafuta zipokee sukari, na ini linaweka akiba iitwayo glaikojeni.

Sasa mtazame aliyefunga Ramadhani, saa kumi alasiri. Hajala tangu daku, lakini anatembea na kuongea vizuri. Hapo insulini imepungua na glukagoni iko kazini: ini linavunja ile akiba na kurudisha sukari kwenye damu, ubongo usikose chakula. (Misuli nayo ina glaikojeni, lakini haimgawii mtu.)

Ukiniuliza ipi ikikosekana ni hatari zaidi, nitasema insulini bila kusita. Katika kupandisha sukari, glukagoni ina wasaidizi, homoni nyingine kama adrenalini na kotisoli. Katika kuishusha, insulini karibu iko peke yake. Kabla haijaanza kudungwa kwa wagonjwa mjini Toronto mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani ambaye kongosho lake halitengenezi insulini, alikonda hadi kufa, damu yake ikiwa imejaa sukari ambayo seli hazikuweza kuitumia.

Glukagoni pia hudungwa, pale mgonjwa wa kisukari anapozimia kwa sukari kushuka. Huyo usimtie soda mdomoni, atapaliwa.