Kipindi cha Maswali Bungeni Dodoma: kinabana vizuri, kama swali limeshonwa vizuri

Huduma: Maswali na Majibu, Bunge la Tanzania. Gharama kwa mwananchi: hakuna. Alama: nyota tatu kati ya tano.

Haki yenyewe iko kwenye Katiba, Ibara ya 63(3)(a): Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kikao kinaanza saa tatu asubuhi, dua inasomwa, hati zinawekwa mezani, kisha maswali. Swali la msingi limeshapelekwa kwa maandishi siku nyingi nyuma, na jibu lake limepikwa na wataalamu wa wizara. Anayelisoma kwa kawaida ni Naibu Waziri. Kwa hiyo usitegemee jipya hapo. Uhai wa kipindi uko kwenye maswali ya nyongeza: mwenye swali anapata mawili, kisha Spika huruhusu wabunge wengine wachache, kila mmoja swali moja. Hapo karatasi imekwisha na anayejibu anategemea anachokijua.

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni neno "lini". "Je, ni lini Serikali itapeleka maji katika Kata yetu?" Swali la namna hii linaalika jibu lisilo na tarehe, na mara nyingi ndilo linalopatikana. Wanaojua kazi hii huuliza fedha: katika mwaka huu wa fedha mradi huu umetengewa shilingi ngapi, na hadi leo zimetoka ngapi? Kutengwa na kutoka ni vitu viwili. Fedha iliyotengwa ni mstari kwenye kitabu cha bajeti. Iliyotoka ni ile iliyofika kutoka Hazina. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na mradi ambao haukupata kitu unarudi kupanga foleni kwenye bajeti inayofuata.

Majibu nayo yana ngazi zake, na msikilizaji mzoefu anajua mradi umesimama ngazi ipi kabla Naibu Waziri hajakaa. "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hii" maana yake hakuna kilichoanza. "Itajengwa kadiri ya upatikanaji wa fedha" ni hivyohivyo, ila kwa upole zaidi. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" ni hatua ya kweli, lakini ni ya karatasi, na usanifu ukikaa kabatini miaka mingi hurudiwa. "Zabuni imetangazwa", hapo anza kusikiliza. "Mkataba umesainiwa" bado si greda barabarani. Uliza kama mkandarasi amelipwa malipo ya awali, kwa sababu asipolipwa hiyo ndiyo sababu utakayoambiwa ya kuchelewa kwake kuhamia eneo la kazi. Na "nitaonana na Mheshimiwa Mbunge baada ya kikao" ni njia ya kutoka tu, maana kinachosemwa kwenye korido hakiingii kwenye Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu ya maandishi ya kila kinachosemwa ukumbini (Hansard).

Maji ndiyo sehemu ambayo kalkuleta ya simu inatosha kumbana mtu. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha vijijini: kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Chukua kijiji cha watu 5,000. Kinahitaji vituo 20 na lita 125,000 kila siku. Sasa jibu linakuja: "Mradi umekamilika, una tangi la lita 50,000 na vituo vinane." Makofi. Lakini vituo vinane ni vya watu 2,000, na tangi hilo lingepaswa kujazwa mara mbili na nusu kwa siku. Swali la nyongeza linajileta lenyewe: kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, na pampu inatumia umeme au sola? Kisima cha lita 10,000 kwa saa chenye pampu ya sola inayopata jua la kutosha saa sita kinatoa lita 60,000, chini ya nusu ya hitaji. Mradi "uliokamilika" na foleni ya ndoo vinaweza kuwepo kijiji kimoja, na kila upande ukawa unasema kweli.

Kosa jingine ni kugonga mlango usio wenyewe. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa Serikali ulioanza Julai 2019 chini ya Wizara ya Maji. Barabara za wilaya ni wakala wa TARURA, ulio TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni wakala wa TANROADS, ulio Wizara ya Ujenzi. Jengo la zahanati na upungufu wa watumishi wake ni TAMISEMI, lakini dawa zinazotoka MSD (Bohari ya Dawa) ni Wizara ya Afya. Shule: jengo TAMISEMI, mtaala Wizara ya Elimu. Maji ya Zanzibar hayaulizwi Dodoma kabisa. Hayo ni ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Na maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu ni ya papo kwa papo na yanapaswa kuwa ya sera. Ukimpelekea kisima cha kijiji kimoja, Spika anaweza kulikataa swali.

Muda wa nyongeza nao unaliwa ovyo. Swali linatakiwa liwe fupi na litokane na jibu, lakini shukrani na pongezi hutangulia, na sauti inapopanda kufikia swali lenyewe, Spika ameshasema "uliza swali." Mbunge wa jimbo jingine anayetaka kujipenyeza ana fomula yake: "Kwa kuwa tatizo la kule linafanana kabisa na la jimboni kwangu..." Inachekesha, ila inafanya kazi. Jibu likiwa bovu mno, Spika anaweza kuagiza likaandaliwe upya. Na Waziri mwenyewe akisimama kutoa majibu ya nyongeza baada ya Naibu wake, tega sikio, kuna jambo.

Kenya walichukua njia nyingine. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, maswali yakahamia kwenye kamati, hadi kanuni zilipobadilishwa na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza kufika ukumbini kujibu. Hata hivyo zahanati na maji kule ni kazi za kaunti, kwa hiyo wa kuulizwa kuhusu bomba la mtaani yuko kwenye bunge la kaunti, si Nairobi.

Nyota ya kwanza Dodoma inapoteza kwa ufuatiliaji. Uganda wana kamati ya Bunge ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi za Serikali. Dodoma mzigo huo humwangukia zaidi mbunge mwenyewe, ambaye inabidi aulize tena mkutano unaofuata. Mwezi wa kuuliza ni Novemba, Bunge linapojadili mapendekezo ya mpango wa mwaka ujao. Ukisubiri Mei, vitabu vya bajeti vimeshachapwa.

Nyota ya pili ni ya Taarifa Rasmi. Zimo kwenye tovuti ya Bunge, faili moja kwa kila kikao, kurasa kwa mamia. Tafuta kwanza kwa jina la jimbo, kisha la kata, na jina la kijiji lijaribu kwa tahajia mbili. Ukilipata jibu, nakili tarehe ya kikao, namba ya swali na kiasi cha fedha kilichotajwa, uende navyo kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Tarehe na namba ndivyo vinavyomfanya afungue faili.