Mnara uliopinda wa Chesterfield: usiishie kupiga picha, panda ngazi

Kanisa la parokia la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, mjini Chesterfield katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, linafahamika kwa jambo moja: paa la msonge lililo juu ya mnara wake limepinda. Wageni wengi hushuka kwenye treni, hupiga picha wakiwa barabarani, kisha huondoka. Hiyo ni hasara. Kilicho bora pale hakionekani vizuri ukiwa chini, na sababu za kupinda wanazosimuliwa watu kila siku ni nusu tu ya habari.

Kwanza vipimo. Kutoka ardhini hadi nchani ni futi 228, yaani karibu mita 69. Sehemu ya chini ya mnara ni ya mawe nayo haikusokotwa. Kilichopinda ni msonge wa mbao uliowekwa juu yake mnamo mwaka 1362, na ambao leo umevikwa mabamba ya metali ya risasi. Msonge huo una kasoro mbili tofauti, na ukizichanganya hutaelewa kitu. Ya kwanza ni kuinama: ncha imetoka futi 9 na inchi 6, karibu mita 2.9, nje ya mstari wa katikati. Ya pili ni kujisokota kwa nyuzi 45. Msonge una pande nane, na kila upande wa umbo la namna hiyo huchukua nyuzi 45 za mzunguko. Basi chagua kona moja pale chini, ifuate kwa jicho taratibu kuelekea juu: utaiona inazunguka mpaka inakalia mahali palipostahili kuwa pa kona ya jirani yake.

Tazama pia jinsi risasi ilivyopangwa. Mabamba yamelazwa mshazari, yanakutana katikati ya kila upande kama ukili uliosukwa vizuri. Mkutano huo huugawa kila upande mara mbili, na jicho huhesabu pande 16 badala ya nane. Ndiyo maana msokoto unaonekana mkali kuliko ulivyo. Zunguka kanisa lote kabla ya kuamua limeinama kiasi gani, kwani ukisimama upande ule ule unakoinamia msonge, mwinamo karibu wote hupotea machoni.

Sasa kwa nini? Wenyeji wana hadithi ya Shetani aliyepigiliwa vibaya kiatu cha chuma kwatoni na mhunzi wa Bolsover, mji wa jirani, akarusha teke la maumivu akipita juu ya mnara. Tuiache hapo. Maelezo ya kawaida ni kwamba tauni ya mwaka 1349 iliua mafundi stadi, waliobaki wakatumia mwaloni mbichi na hawakuweka mihimili ya mshazari ya kutosha. Hili la mbao mbichi linabebeshwa lawama kupita kiasi. Maseremala wa karne zile walijenga na mwaloni mbichi kila mahali, kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa shoka na tezo. Mapaa mengi ya aina hiyo yamesimama wima mpaka leo.

Mihimili ya mshazari ni jambo zito zaidi. Fremu ya miraba isiyo na mshazari hulala upande kama rafu ya vitabu isiyopigiliwa ubao wa nyuma. Haihitaji dhoruba, uzito wake wenyewe unatosha. Na uzito uliongezeka. Inaaminika kwamba msonge ulijengwa ubebe vigae vyepesi vya mbao, kisha ukavikwa risasi ambayo sasa inafikia takriban tani 33, na hakuna kumbukumbu ya kupinda kabla ya badiliko hilo.

Halafu kuna jua. Bamba la risasi la mita moja likipata joto la ziada la nyuzi 30 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 0.9. Mwaloni, kwa urefu wa nyuzinyuzi zake, hurefuka sehemu ndogo sana ya hiyo. Upande wa kusini unapigwa jua mchana kutwa, wa kaskazini uko baridi, kwa hiyo ngozi ya risasi inavuta mbao kwa nguvu zisizo sawa. Risasi nayo ni laini na nzito: ikipoa hairudi yote ilikotoka. Aliyewahi kusikia mabati yakilia mchana na misumari ikilegea mwaka hadi mwaka anaijua kazi hii, isipokuwa hapa imeendelea kwa karne nyingi na mzigo ni tani, si kilo.

Kwa hiyo ziara ya mnara ndiyo sababu ya kwenda. Ni ngazi 152 za mawe, nyembamba, za kujizungusha, wala hakuna lifti. Mwenye magoti mabaya au anayeogopa mahali pa kubana asijilazimishe. Avae viatu vya soli isiyoteleza, na mikoba mikubwa ibaki chini. Njiani unapita penye kengele kumi zilizosubiwa upya mwaka 1947. Huko juu unaweza kuchungulia ndani ya msonge na kuona msitu wa mihimili, mingine ya kale, mingine iliyoongezwa baadaye kuushikilia. Hapo ndipo maelezo yote ya hapo juu yanageuka kitu cha kuguswa.

Ndani ya kanisa lenyewe, ambalo jengo lake linaanzia mwishoni mwa karne ya 13, usitarajie kila kitu kiwe cha kale. Mkarabati mkubwa wa mwaka 1843 alikuwa msanifu majengo George Gilbert Scott, na tarehe 22 Desemba 1961 moto ulioanzia ubawa wa kaskazini uliteketeza ogani ya John Snetzler ya mwaka 1756. Msonge ulinusurika. Ogani iliyopo, kazi ya T. C. Lewis, ilitolewa katika Ukumbi wa Jiji la Glasgow. Ukipata nafasi ya kuisikia ikipigwa, kaa usikilize. Usipite haraka kwenye kikanisa cha Bikira Maria, yalipo makaburi ya alabasta ya ukoo wa Foljambe: inama uangalie mikunjo ya mavazi iliyochongwa kwenye jiwe, kisha linganisha sura za kaburi moja baada ya jingine.

Kuingia kanisani hakuna kiingilio, sanduku la sadaka lipo, lakini ziara ya mnara hulipiwa na haifanyiki kila saa. Uliza ratiba kabla ya kusafiri, maana ukifika wakati wa ibada, harusi au mazishi utasubiri. Treni za London St Pancras kwenda Sheffield husimama Chesterfield, na kutoka stesheni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kaa dirishani, msonge utauona kabla treni haijasimama.