Gari ya mkononi Dar: ununue wapi, na kwa nini ufungue rejeta kabla ya kufungua pochi

Mwaka juzi Desemba nilikuwa naenda Iringa msibani, na gari niliyokuwa nimeinunua miezi minne tu nyuma. Tulivyoanza kupanda Kitonga mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikajua ni kawaida ya mlima. Kona mbili mbele AC ikaanza kupuliza hewa ya moto, halafu moshi mweupe kwenye boneti, nyuma yangu semi tatu zinapiga honi na mama mkubwa kiti cha nyuma anasali kwa sauti. Utingo wa semi ya kwanza akaruka akaweka jiwe nyuma ya tairi, mimi kwa kiherehere nikawa nataka kufungua mfuniko wa rejeta, akanidaka mkono: "Dada acha! Hiyo itakubabua uso." Tukakaa pale saa nzima na zaidi. Alipokuja kuufungua kwa kitambaa, kilichokuwa humo ndani kilifanana na chai ya maziwa iliyolala.

Hedi imepinda, gasketi imeungua, rejeta imeziba, wota pampu imeliwa na kutu. Milioni moja na laki nane, na gari ikabaki Iringa wiki tatu mimi nikarudi na basi. Modeli ya gari sitaji wala yadi niliyonunua sitaji, maana gari yenyewe haikuwa na kosa, iliuawa na watu walioijaza maji ya bomba miaka yote hiyo.

Tangu siku ile mtu akiniuliza "dada nina milioni 13 nichukue gari gani" mimi namuuliza kwanza, rejeta umeichungulia? Watu wanaangalia rimu, redio, rangi, siti za ngozi, herufi za namba kama zinaanzia D au E. Kilomita ndio kabisa, hata sizisomi, zinarudishwa kama saa ya ukutani. Matairi na kadi mnajua wenyewe kuangalia, sirudii.

Tatizo la Dar ni kwamba Dar ni tambarare. Gari mgonjwa anaweza kuishi Dar miaka mitatu anaenda Kariakoo anarudi Tabata na hakuna anayejua, ukichanganya na foleni hata spidi 60 hafiki. Halafu mafundi wetu wana dawa zao mbili. Gari ikianza kuchemsha wanatoa thamostati (ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto) wanaitupa, wanakwambia "sista hii ni ya nchi za baridi, huku joto haina kazi". Ikiendelea kuchemsha wanaunga feni direkti, ukiwasha tu switchi feni nayo inazunguka mpaka unazima. Basi, gari imepona! Haijapona chochote, rejeta bado imeziba vilevile, wameficha tu homa. Na bila thamostati injini haifikii joto lake la kazi, inabaki kujiona iko baridi kwa hiyo inamwaga mafuta mengi, ndio yule mtu anakwambia "IST yangu inakula kama Land Cruiser" anadhani ni wese baya la shelini.

Na kuna hili ambalo halisemwi kabisa. Gari nyingi za otomatiki mafuta ya giaboksi yanapoozwa humohumo kwenye rejeta, kuna kipaipu kimelala ndani ya tenki la chini. Kutu ikitoboa kile kipaipu maji yanaingia kwenye giaboksi, mafuta yanageuka rangi ya yogati ya stroberi, na hapo sasa unatafuta giaboksi nzima. Yote haya kwa sababu mtu aliona kulanti, yale maji maalumu ya rangi ya rejeta, ni anasa.

Ukaguzi wangu uko hivi. Mwambie muuzaji unakuja saa 1 asubuhi na gari asiiwashe. Ukifika weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu. Kama ni ya moto saa 1 asubuhi, muulize ilikuwa inaenda wapi. Kama ni baridi kabisa, na narudia BARIDI KABISA, fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kuona rangi safi, kwa Toyota mara nyingi ni nyekundu au pinki, kijani pia sawa. Maji meupe safi kama ya kunywa maana yake wamemwaga jana kwa ajili yako. Pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta, ukitoka na tope la kahawia kama la mtungi wa zamani, shukuru uende zako. Chungulia na chini ya mfuniko wa oili, kukiwa na utelezi mweupe kama mayonezi basi maji na oili vimeshakutana.

Halafu washa switchi huku AC imezimwa. Injini ikiwa baridi feni inatakiwa itulie. Ikizunguka papo hapo imeungwa direkti. (AC ukiwasha feni itazunguka na ni sawa, usije ukamgombeza mtu wa watu bure.) Washa injini ukiwa umeacha mfuniko wazi, maji yakitoa mapovu mfululizo kama soda, gasketi hiyo imeungua. Kisha funga uende naye mbali, dakika 40 angalau, mimi napenda kutoka Ubungo kwenda Kibamba kwa sababu kuna vilima kidogo na foleni ya kutosha, AC mpaka mwisho. Mshale upande mpaka karibu na nusu ukae hapohapo. Ukiona barabara ikifunguka mshale unashuka na kwenye foleni unapanda, thamostati haipo. Passo na Vitz nyingi hazina hata mshale, zina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu mambo yakiharibika, sasa hiyo bluu ikikaa dakika ishirini bila kuzima ujue hadithi ni ileile.

Haya, sasa tunanunua wapi. Mimi napanga kwa kipimo kimoja tu: nani atakupa uhakika wa rejeta, na kama gari iko hapa, akuruhusu uikute baridi.

Namba moja kwangu ni kuagiza mwenyewe Japani, kupitia kampuni za mtandaoni kama BE FORWARD, SBT na wenzao. Sababu yangu wengi hawaitaji: kule kuna majira ya baridi, maji matupu yanaganda na kupasua bloku, kwa hiyo kulanti sio hiari ya mtu. Gari inakuja na mfumo wake wa kupooza kama ulivyotoka kiwandani, thamostati ipo, feni ina sensa yake. Omba karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoonyesha hali ya gari na gredi yake, gredi 4 au 3.5 ni gari ya kueleweka, gredi R maana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Omba pia picha za chini, maana zinazotoka sehemu za theluji kule barabara zinamwagiwa chumvi na chesisi inaliwa. Ubaya wa kuagiza ni kusubiri, na kodi. Kodi jamani! Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000, halafu kwa kosa la gari kuwa mzee zaidi ya miaka 10 unaongezwa asilimia 30, VAT 18 juu yake, na vitozo vingine vidogo. Na thamani wanayopigia hesabu TRA, mamlaka ya mapato, ni ya kwao kwenye mfumo, hata kama wewe umeipata kwa bei ya kutupa na risiti unayo. Tunaambiwa gari za zamani zinachafua mazingira, sawa, sasa mwalimu wa sekondari atanunua ya mwaka gani? Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone mwenyewe KABLA hujatuma dola hata moja, nimeshaona mtu gari imefika bandarini hana hela ya kuitoa na gharama za kuihifadhi zinahesabu kila siku.

Namba mbili, mtu unayemjua. Mfanyakazi mwenzio, jirani, mtu anahamia mkoa. Huyu unajua hata gereji anayokwenda, na saa 1 asubuhi gari iko kwake imelala. Bei haitakuwa ya kutupa ila hakuna cha juu cha dalali.

Tatu ni yadi, zile gari ambazo hazijasajiliwa bado. Unalipia uvivu wa kuagiza, milioni mbili tatu juu, na muulize karatasi ya mnada anayo? Wengi "iliachwa ofisini". Iliachwa ofisi ipi, hii tuliyokaa ni nini?

Dalali wa Instagram namba nne. Mnada namba tano na sina la kusema, huko huwezi kuwasha hata injini, waachie mafundi.

Gari zenyewe: nina upendeleo, siufichi. Toyota yenye injini ya 1NZ. Hiyo injini cc 1500 imewekwa kwenye IST, Raum, Spacio, Probox, Premio na Allion za 1.5, kwa hiyo rejeta, thamostati, wota pampu, kila kitu unakuta kwenye maduka ya spea ya Gerezani na Ilala mpya na yuzdi, na hata fundi wa Makambako usiku wa manane anaijua. Inatumia cheni, hakuna habari ya mkanda wa taiming kukatika. IST ya umbo la kwanza ukiambiwa cc 1500 hakikisha kwenye kibati imeandikwa NCP61 au NCP65, NCP60 ni ya 1300. Mimi ningekuwa na hela leo ningechukua Raum, milango ya kuslaidi, mama mkubwa anaingia bila kuinama, na watu hawaigombanii kama IST kwa hiyo bei inaongeleka. Allion ndio chaguo langu la pili. Watu wa Subaru mnisamehe, najua mnapenda. Passo, Vitz ya cc 1000, Demio, zipo, za mjini, ila rejeta ndogo haisamehi.

Rudi kwa madalali kidogo maana nina dukuduku. Fundi wako mwenyewe uliyemchukua akakague, dalali anamvuta pembeni "bro tutaongea", ghafla gari inakuwa nzuri. Mimi sasa namchukua fundi wa mtaa mwingine, namlipa elfu 50 yake kabla hatujafika, ninunue nisinunue. Halafu hiyo lugha: gari ilikuwa ya daktari, ilikuwa ya mama mtu mzima anaenda kanisani tu, haidai hata bolti. Injini wameiosha inang'aa kama sufuria ya sikukuu. Wakati huohuo namba ukiicheki kwenye mfumo wa trafiki ina faini kibao, na madeni ya maegesho juu. Cheki vyote viwili wewe mwenyewe kwa simu, ni bure, na hela usitoe yote mpaka mmeenda TRA kubadilisha jina. Kuhamisha umiliki elfu 50, kadi mpya elfu 10, ushuru wa stempu juu, na hapo ndio mtabishana nani alipe, kubalianeni mapema.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mdogo wangu Sinza kuona Spacio, nyeupe, nzuri, milioni 12 na nusu maongezi yapo. Tulisema saa 1, tumefika saa 1, boneti ya moto. Nikamwambia kijana tutakaa hapa mpaka ipoe. Akacheka, akaona siondoki, akaanza "sista kuna mteja mwingine anakuja saa 4 na keshi". Nikamwambia basi tumsubiri wote. Saa 3 na nusu nikaweka kitambaa nifungue mfuniko akasema huo haufunguki, umebana tangu Japani.

Tangazo bado lipo. Jana wameshusha laki saba.