Mkopo na ufadhili wa chuo kwa asiye na baba wa kutia sahihi: uzoefu wangu kutoka Lamu

Bibi yangu hasomi Kiingereza, lakini siku ile alitaka nimsomee barua yote iliyoingia kwenye simu, nimfasirie neno kwa neno. Ilikuwa 2024, tumekaa barazani kwetu Kipungani, yeye anasuka ukili. Nikamwambia: ufadhili wa serikali asilimia 60, mkopo asilimia 30, familia asilimia 10. Mikono ikasimama.

"Familia hapo ni nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Naandika haya kwa sababu najua kuna wengine wameketi na barua kama ile na swali kama lile, na nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza sikumpata.

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa ameshamwacha kabla sijaanza shule, akaenda zake, akaoa kwingine, na kutoka kwake sijawahi kupokea hata daftari. Kwetu yatima ni aliyefiwa na baba. Basi mimi si yatima kwa mila, na kwa karatasi za serikali nina mzazi aliye hai. Ukinitazama kutoka ofisini nina baba. Ukinitazama kutoka jikoni kwetu nina bibi wa miaka sabini na kitu, anayesuka mikeka na kupokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kwa mwezi.

Kwa asiyeujua, mpango uko hivi. Ukishapangiwa chuo na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawa wanafunzi vyuoni, unajaza maombi ya ufadhili na mkopo kwenye tovuti moja, unaulizwa habari za wazazi, ndugu, nyumba na kipato, kisha unawekwa kwenye bendi, yaani daraja la uhitaji; ya kwanza ni ya wahitaji zaidi. Walioanza 2024 walipangwa kwenye bendi tano. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka (yangu haiko mbali na hapo). Aliyekuwa bendi ya kwanza alipata ufadhili wa 140,000 asioulipa, mkopo wa 50,000, na nyumbani walitakiwa watoe 10,000. Aliyekuwa bendi ya tano ufadhili wake ulikuwa 60,000, mkopo 60,000, na 80,000 zilitakiwa zitoke nyumbani. Juu ya hapo kulikuwa na mkopo wa matumizi, kutoka 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza hadi 40,000 kwa ya tano. Mimi nilikuwa bendi ya pili: 120,000, 60,000, na 20,000 za "familia", pamoja na matumizi ya 55,000. Hizo 20,000 ni pesa za bibi za miezi kumi, asile, asinunue dawa.

Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Mahakama Kuu ilisema mpango wenyewe unakwenda kinyume na katiba, na 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Sisi tuliokuwa tumeshaingia darasani tulizifuata habari hizo roho mkononi, lakini masomo hayakusimama.

Sasa karatasi, maana huko ndiko mtu kama mimi anakopotelea.

Mama alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo ada yetu, na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kibali cha maziko. Miaka minane baadaye nikahitaji cheti cha kifo. Kusajili kifo kilichopita zamani ni kazi ya barua juu ya barua: naibu wa chifu athibitishe, wazee wawili waliohudhuria maziko washuhudie, kisha ungoje. Mimi nilikingoja miezi minne. Kama kuna jambo moja ningependa mtu aliye kidato cha tatu alisikie leo, ni hili: kama umefiwa na mzazi na huna cheti, kianze sasa, usingoje matokeo ya mtihani.

Kwa baba kulikuwa na ugumu wa aina yake. Cheti cha kifo kinathibitisha kifo. Kuachwa hakuna cheti. Mwalimu wangu wa sekondari ndiye aliyenifungua macho. Alinituma kwa kadhi, ambako talaka ya mama ilikuwa imeandikwa, nikapata nakala. Kutoka hapo nikaenda kula kiapo mahakamani Lamu mjini kwamba nimelelewa na bibi na baba hanihudumii. Naibu wa chifu akaandika barua ya mtaa, ikawa karatasi ya tatu. Karatasi hizo tatu pamoja, yaani talaka, kiapo na barua ya mtaa, ndizo zilizosema kile ambacho fomu haikuwa na nafasi ya kukiandika. Kila ofisi niliyokwenda baadaye nilizibeba zote, nakala nne nne, kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya maji ya mashua.

Nauli nayo ihesabiwe. Kutoka Kipungani hadi mjini ni mashua, au kutembea na jua lote. Kama ofisi unayoitaka iko Mokowe unavuka tena. Safari tatu za karatasi moja zilikula mkeka mzima, na mkeka bibi huumaliza kwa wiki mbili au tatu.

Kuna ofisi moja ya basari, yaani msaada wa karo, ambayo sitaitaja. Nilipeleka fomu, karani akaipindua akaniambia pale pa sahihi ya baba hapaachwi wazi. Nikamwonyesha kiapo. Akasema kiapo hakina sanduku kwenye fomu. Kisha akainama, akanong'ona, na naamini alikuwa ananihurumia: "Si umtafute mjomba wako yeyote aandike jina la baba, nani atajua?" Nilitoka nje nikakaa ukutani kwa muda mrefu. Sikulifanya hilo. Kwanza ni uongo, na pili, nilikuwa nimetoka tu kuapa mbele ya hakimu kwamba baba hayupo. Siku karatasi hizo mbili zikikutana ningesema nini? Basari ya mwaka ule nikaikosa. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu waliokuwa na baba wa kutia sahihi waliipata, na baadhi yao baba zao wana majahazi.

Jambo la riba lazima niliseme, maana huku kwetu ndilo la kwanza kuulizwa. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Niliuliza kwa maalim wangu. Hakunipa jibu jepesi. Alinieleza uzito wake, akanieleza na hali ya mtu aliyefungiwa milango, akaniachia niamue na Mola wangu. Nilichukua. Simshawishi mtu yeyote. Mwenzangu wa Shela aliukataa mkopo, akabaki na ufadhili peke yake, na pengo likazibwa kwa zaka. Iliwezekana kwake kwa kuwa kozi yake si ghali na ana mjomba mwenye duka anayejulikana. Kila ninapomwona namheshimu.

Wadhamini wawili wa mkopo ndio walionitia hofu kuliko yote. Unamwendea mtu unamwambia: weka jina lako na namba ya kitambulisho chako kwenye deni langu. Wenye wazazi hawalioni hili, wazazi huandika tu. Mimi niliandikiwa na mwalimu yule, na nahodha jirani yetu. Nahodha nilimsomea sharti lote, kwamba nisipolipa atatafutwa yeye. Akaniuliza, "Utasoma?" Nikasema nitasoma. Akatia sahihi, akarudi kuziba mashua yake kwa pamba.

Na zile 20,000 za familia? Bibi alitoa 4,000, miezi yake miwili, na alikasirika nilipojaribu kukataa. Maalim akazungumza na watu baada ya sala ya Ijumaa, zikapatikana 9,500 za zaka. Zilizobaki nilizitafuta kwa mikono: niliuza mikeka mitatu, na kachori nilizokaanga jioni mwezi mzima wa Agosti.

Chuoni, ambako pia sitakutaja, mambo hayakuanza vizuri. Mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni, wa matumizi humfikia mwanafunzi, na muhula wa kwanza zote mbili zilichelewa. Mitihani ikakaribia jina langu likiwa bado linadaiwa, na bila kadi ya mtihani huingii. Aliyenisaidia ni mama mmoja katika ofisi ya masilahi ya wanafunzi. Alizitazama karatasi zangu zilezile tatu, akaandika waraka kwamba pesa ziko njiani na nifanye mtihani. Nilikuwa sijui kama ofisi hiyo ipo. Wiki ya kwanza ya chuo kila mtu anatafuta bweni na ratiba. Wewe usiye na mtu nyumbani, itafute ofisi hiyo kwanza, waijue sura yako kabla hujawa na shida.

Pesa za matumizi zilipoingia zilikuwa 27,500 za muhula. Ukitoa kitanda na vitabu, kinachobaki ni chakula cha kuhesabu. Nilipika chumbani na msichana wa Garsen, wali na maharagwe, na Jumamosi mara nyingi chai tu. Wenzangu walipopungukiwa walipiga simu nyumbani. Mimi nilipopiga ilikuwa kumjulia hali bibi, na nilijitahidi sauti yangu isimwambie kitu.

Desemba ndiyo ngumu kuliko miezi yote. Mabweni hufungwa, na mpango wote wa fedha unadhani kila mtu ana kwao na nauli ya kufika. Nauli ya kutoka bara hadi Mokowe na kurudi ingemaliza chakula changu cha Januari. Nililala kwa yule wa Garsen, mamake akanipokea kama aliyenizaa. Kama wanaopanga fedha hizi wangenisikiliza kwa dakika moja, ningewaomba wafikirie hizo wiki za likizo tu.

Je, nashauri uombe? Ndiyo, na kwa nguvu zote. Ufadhili wenyewe naupa nyota nne kati ya tano: bila zile 120,000 ningekuwa Kipungani leo, na akili hii ingekaa bure. Nyota ya tano ninaizuia mpaka fomu iwe na mahali pa kuandika "nina baba, lakini hanilei".

Niko mwaka wa pili sasa. Likizo hii msichana wa Matondoni alinijia jioni na barua kama yangu, bendi ya pili vilevile. Baba yake yuko Malindi na familia nyingine. Kiapo tumeshakipata, barua ya mtaa iko tayari. Jana nilimpeleka kwa nahodha, kwa kuwa mimi sina kipato cha kumdhamini mtu. Nahodha alimtazama, akamuuliza lile lile aliloniuliza mimi, kisha akaomba kalamu.